Utumwa wa Pwani: mtalii tunamsimulia, watoto wetu tunawaficha

Mwana Pangani (mleta uzi)

Wakuu, assalaam aleikum na habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe nimekaa nalo miaka.

Dada yangu alipoposwa mara ya kwanza, barua ilipokelewa vizuri na wazee wakakaa. Kisha upande wa mume wakanyamaza wiki tatu. Alipotumwa mtu kuuliza kulikoni, jibu likaja kwa sauti ya chini: "Binti hana neno. Ila upande wa bibi yao hauna kufu na sisi." Hakuna aliyeongeza. Baba alikunja uso, shangazi akainuka akaenda zake jikoni, mambo yakaishia hapo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Ilipita miaka mingine kumi ndipo nikaelewa kilichosemwa pale barazani: kwamba bibi yake bibi yetu alikuwa mtumwa.

Dada aliolewa kwingine na maisha yake ni mazuri, kwa hiyo sikuja kulilia posa. Nimekuja kuuliza jambo. Mtalii akishuka Zanzibar, siku ya pili tu anapelekwa Mkunazini kuonyeshwa palipokuwa soko la watumwa, anaiona na ile sanamu ya Clara Sörnäs, watu watano shimoni wamefungwa mnyororo shingoni. Akienda Bagamoyo anasimuliwa mpaka machozi yanamtoka. Lakini mtoto wa Pangani, wa Kilwa Kivinje, wa Lamu, akimuuliza bibi yake "sisi ni kabila gani?", anajibiwa "sisi Waswahili tu, kale chakula." Mgeni tunampa habari, mwenyewe tunamnyima. Kwa nini?

Niwaeleze ninavyoijua Pangani, maana watu wengi wakisikia utumwa wanawaza jahazi na bahari tu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la Unguja likafungwa na kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku. Basi misafara ikageukia nchi kavu. Watu walitembezwa kwa miguu kutoka Kilwa, pwani kwa pwani kuja kaskazini, Pangani ikiwamo njiani, na wengine wakavushwa kwa siri usiku kwenda Pemba, ambako mikarafuu ilikuwa imesalimika na kile kimbunga cha 1872 kilichoing'oa ya Unguja. Pangani yenyewe ilikuwa na mashamba ya miwa na mitambo ya kukamulia sukari. Kazi ya miwa mnaijua. Mwaka huohuo wa 1873 watumwa wa mashamba yale waliasi, wakatoroka, wakajijengea makao yao Kikogwe.

Sasa sikilizeni hili, kila nikilifikiria nakosa raha. Miaka ishirini baadaye, 1893, Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa wapi? Kikogwe. Ardhi ambayo watoro waliifanya kimbilio lao ndiyo ikawa chimbuko la mkonge wa nchi nzima, na manamba wake, yaani vibarua wa mkataba, na kambi zake. Nimesoma Tanga tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Habari ya miche 62 tulifundishwa. Habari ya watoro wa Kikogwe hatukufundishwa na mwalimu hata mmoja.

Na si kwamba mambo haya yametoweka. Yamo vinywani mwetu. "Mjinga", zamani, alikuwa mtumwa mpya aliyetoka bara, hajui Kiswahili wala desturi za mji. Aliyezaliwa hapa pwani aliitwa mzalia, naye akajiona bora kuliko mjinga. "Mtoro" leo ni mwanafunzi anayekwepa shule, na tunamchapa. Wakati ule mtoro alikuwa mtu aliyeamua kuwa huru. "Kibarua" ni ile barua ndogo ya mfanyakazi wa kutwa, na wengi waliokuwa wakishika vibarua vile walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kufanya kazi kwa watu wengine, jioni ujira wanagawana nao. Tunayatamka kila siku haya.

Naishia hapa kwanza. Karibuni.

Mtoto wa Ng'ambo

Mkuu, heshima yako. Mimi ni wa Unguja, na nakuomba uende polepole.

Kwetu jambo hili lilishawahi kutumika kama panga. Zama za siasa, tangu uchaguzi wa 1957 mpaka wa 1963, majukwaani watu walikuwa wakikumbushwa nani alimtia nani minyororo. Yakaja mapinduzi ya Januari 1964. Dhuluma ya ardhi na ya madaraka ilikuwepo, sibishi. Lakini wengi katika waliouawa hawakuwahi kumiliki mtumwa hata mmoja. Walikuwa Wamanga, Waarabu wa asili ya Oman, masikini wenye viduka vya shamba, wanauza sukari na mafuta ya taa. Baba yake bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Upande wa baba, babu wa babu yangu alikuwa mtumwa wa karafuu Donge. Yote mawili ni damu yangu. Ukiniambia "kumbuka", mimi nakuuliza: nimkumbuke yupi kwanza, na nimchukie nani?

Kwa hiyo ukimya wa wazee wetu usiuhesabu wote kuwa ni aibu. Mwengine ni ulinzi. Walituficha ili tupate kuishi mtaa mmoja.

Ila nakuongezea moja, maana bibi alikuwa akilisema kwa fahari. Zamani mwanamke mtumwa alijulikana kwa nguo, akivaa merikani, ile pamba ya bei rahisi ya kutoka Marekani, au kaniki nyeusi. Uhuru ulipokuja, wanawake walikimbilia kanga, tena za rangi kali, ili mtu akikuona njiani asijue ulikuwa mali ya nani. Bibi akikunja kanga zake alizikunja kama mtu anayekunja hati ya nyumba. Leo tunazigawa harusini bila hata kufikiri.

Mwana Pangani

Ndugu wa Ng'ambo, nimekusoma mara tatu. Ahsante. Hilo la ulinzi sikuwa nimelipima, na umenigusa.

Ila naomba tutenganishe. Jukwaani ulikuwa ukiambiwa babu wa jirani yako alifanya nini. Mimi nazungumzia kuambiwa, ndani ya nyumba yako, babu zako wote wawili walikuwa nani. Na wewe umeshafanya, tena mbele yetu: Mmanga wa duka na mtumwa wa Donge katika aya moja. Sidhani kama kuna aliyesoma hapo akatamani kumchukia mtu.

Mzalendo Halisi

Hamuoni mnazunguka? Waarabu waliuza watu, Wazungu walinunua, walipe. Umoja wa Afrika uliufanya 2025 kuwa mwaka wa haki kwa Waafrika na wenye asili ya Afrika kupitia fidia. Mataifa ya Karibi yalishaweka madai yao mezani, pointi kumi. Waingereza walipoondoa utumwa kwenye makoloni yao 1833 walitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa, na deni la fedha ile serikali yao ilikuja kulimaliza 2015! Sisi tumekaa tunaulizana habari za bibi. Dai pesa, jenga shule, basi.

Mwana Pangani

Mkuu, kwenye fidia niko pamoja nawe, na nitakupa silaha ambayo haisemwi sana: yaliyotendeka Karibi yalitendeka hapahapa kwetu. Aprili 1897 Sultani Hamoud, chini ya Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Angalia ilivyoandikwa. Mtumwa hakuwa huru kulipokucha. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akaombe, aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kula, asije akahesabiwa mzururaji. Bwana wake akalipwa fidia. Aliyefanyiwa kazi ndiye aliyelipwa, aliyefanya kazi akaondoka na karatasi. Masuria hawakuguswa na amri ile mpaka 1909. Kwa lugha nyingine, mwanamke aliyekuwa ndani kabisa ya nyumba ndiye aliyesubiri zaidi.

Bara hali ilikuwa mbaya zaidi. Wajerumani walikuja kwa kelele za kupiga vita utumwa, na hawakuuondoa. Walichofanya 1904 ni kutangaza kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 kwisha atakuwa huru. Mama yake je? Anabaki. Sheria ya kuumaliza Tanganyika ilikuja 1922. Ni juzi hiyo, wakuu. Bibi yangu alizaliwa miaka hiyohiyo, na mimi nimekula mkononi mwake.

Lakini "Waarabu waliuza, Wazungu walinunua" haitoshi. Wenye mashamba makubwa Unguja, Pemba na Pangani, wakiwemo Waomani na ukoo wa kisultani, dhamana yao ni kubwa na sitaipunguza hata kidogo. Lakini Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa 1776, apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya Mauritius na Réunion. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha mitaji, na wengine walimiliki watu mpaka balozi wa Uingereza, Rigby, alipowabana 1860. Wamarekani wa Salem walileta merikani wakaondoka na pembe za ndovu, na pembe zile nyingi zilibebwa mabegani mwa watu wasio na hiari. Na huku bara, machifu wa Kiyao kule Nyasa, na wababe wengine wenye bunduki, ndio waliovamia vijiji. Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili hikihiki tunachoandikia, alikuwa na damu ya Kiafrika.

Waungwana wa Kiswahili nao walikuwa na watumwa. Nami nasema bila kuzunguka: babu yake babu yangu, upande ule wa pili, ndiye aliyemnunua yule bibi. Mimi ni mjukuu wa aliyenunua na aliyenunuliwa. Pesa ya fidia ikija leo, ipite mkono gani wangu?

Kengeleni

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo, natokea Mombasa, Kisauni. Uzi huu umenikalisha.

Sisi jina la mtaa tu latosha. Freretown ilianzishwa na wamisionari 1875 wakaweka watu waliookolewa majahazini. Kulikuwa na wale walioitwa Wabombay, Waafrika waliokuwa wamepelekwa India wakasomeshwa, kisha wakarudishwa huku kusaidia. Kengele ingalipo, ndiyo iliyoupa mtaa jina Kengeleni. Watu hupanda matatu hapo kila siku wakitaja jina, na sidhani kama kijana mmoja katika mia ajua kengele ile iliwekwa kwa nini.

Rabai nako watoro walikimbilia misheni. Mabwana wakaja juu, karibu damu imwagike, mpaka kampuni ya Waingereza ikalipa mwanzoni mwa 1889, ndipo watu zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Utumwa wenyewe pwani ya Kenya hadhi yake kisheria iliondolewa 1907. Sasa hesabuni: mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Nani alikuwa na karatasi na mashahidi wa kwenda kudai shamba? Si yule aliyekuwa mtumwa mwaka uliotangulia. Alilima palepale, akala palepale, akazikwa palepale, na ardhi ikaandikwa jina la mwengine au la serikali. Watoto wao ndio tuwaitao maskwota, wakaao kwenye ardhi bila hati, hadi hii leo, wao pamoja na Mijikenda wengi. Hapa kwetu ukisema utumwa uliisha, watu hukuuliza: na hatimiliki iko wapi?

Nyanya yangu alikuwa Mkristo wa Freretown. Yeye hakuficha. Akisema wazi, "Sisi ni watu wa Nyasa, tulikombolewa." Labda kwa sababu misheni iliwapa hadithi ya kusimulia. Waliobaki nyumba za waungwana hawakupewa hadithi, walipewa jina la ukoo wa bwana.

Mwana Pangani

"Hawakupewa hadithi, walipewa jina la ukoo wa bwana." Hili nimeliandika kwenye daftari langu. Dada, ubarikiwe. Huku kwetu hati ya ardhi hatujaililia sana kama nyinyi, historia yetu ya ardhi imekwenda njia nyingine, lakini kwenye kaburi na kwenye ukoo ni vilevile.

Mzigua wa Handeni

Mimi si mwandishi, nitasema kifupi. Miaka ya 1830 njaa kali iliwapiga Wazigua. Watu walijiweka rehani, wakaweka na watoto, wakapelekwa pwani, wakavushwa baharini mpaka Somalia kulima mabonde ya mto Juba. Wakatoroka, wakajenga vijiji vyao msituni. Waliendelea kusema Kizigua zaidi ya miaka 150. Huko waliitwa majina ya kudharauliwa, hawakuolewa wala kuoa kwa wenyeji.

Vita ya 1991 ilipoanza walikimbia. Wengine walichukuliwa Marekani. Wengine walikuja huku kwetu, wakapewa makazi Chogo, hapahapa Handeni, na baadaye zaidi ya elfu moja wakapewa uraia wa Tanzania. Nilikuwa kijana. Mzee mmoja wao alifika kwetu akasalimia kwa Kizigua cha zamani, maneno ambayo baba yangu aliyasikia kwa babu yake tu. Baba aliinuka kwenye kigoda akampisha akae. Hakusema kitu. Alilia.

Mimi nasema hao walirudi kwa sababu nyimbo na majina walivishika. Ukificha, mtoto wako atarudi wapi?

Mwana Pangani

Mzee wangu, shikamoo. Umesema wewe si mwandishi!

Niseme na hili la maonyesho ya watalii, maana nimeulizwa kwa ujumbe wa faragha kama napinga. Sipingi. Napinga uvivu. Vile vyumba vya chini pale St. Monica, Mkunazini, vinaonyeshwa kama mahabusu ya watumwa, na wanahistoria wamesema mara nyingi kwamba jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Bagamoyo nayo, kila anayeongoza watalii anasema "bwaga moyo" ni kilio cha mtumwa. Lakini waliofika pale kwa maelfu walikuwa pia wapagazi, Wanyamwezi huru waliobeba mizigo kwa ujira, na kwao kufika pwani ilikuwa ni kutua mzigo na kuutuliza moyo. Historia yetu ina uchungu wa kutosha, haihitaji kuongezewa chumvi. Tukiipamba, siku mtoto akigundua tumeipamba hapa na pale, atadhani na yaliyobaki ni uongo.

Na shuleni, naomba walimu mliomo humu mnisaidie. Tunafundisha utumwa kama biashara: njia za misafara, bidhaa, mikataba ya 1822, 1845 na 1873, mtihani, basi. Mtoto anatoka anajua Moresby na Hamerton, Waingereza wa mikataba ile. Hajui hata jina la mtumwa mmoja. Siti binti Saad tunamwimba nchi nzima, na wachache sana wanaambiwa kwamba alizaliwa Fumba kwa wazazi waliotoka katika hali hiyo, na kwamba waliokuwa wakimdharau kwa asili yake waliishia kukaa chini kumsikiliza. Huyo angefundishwa kama alivyo, kuna mtoto fulani darasani angeinua kichwa.

Kwa leo nimechoka. Nimeamua Ijumaa kwenda kwa shangazi, yule aliyeingia jikoni. Ana miaka themanini na tatu. Nitaleta mrejesho.

MREJESHO – Mwana Pangani

Wakuu, samahani kwa kukawia, wengi mmeniuliza.

Nilimkuta shangazi anachambua mchele. Nikamwambia moja kwa moja, nimekuja kumuulizia bibi yake bibi. Aliendelea kuchambua kitambo. Kisha akasema, "Nilijua kati yenu mmoja atakuja. Nilidhani atakuwa dada yako."

Aliletwa kwa miguu kutoka upande wa Kilwa akiwa msichana mdogo, hajavunja ungo. Babu yule aliyemnunua alimpa jina Faida. Shangazi alipolitaja alisita, akaniangalia kama nimelisikia vizuri. Jina lake la kwanza, la kwao, alimnong'oneza binti yake mmoja tu, naye akamnong'oneza wake, likafika kwa shangazi. Ameniambia. Hapa sitaliandika. Limeandikwa kwenye ukurasa wa mbele wa msahafu wa nyumbani, tunapoandika waliozaliwa, kwa mkono wa shangazi mwenyewe, herufi za Kiarabu.

Jambo moja sikuwahi kuliona, na nimekaa kwenye hitima za kwetu maisha yangu yote. Kila mwezi wa Shaabani tukisoma, marehemu wanatajwa mmoja mmoja wapate kuombewa. Babu yule anatajwa, na baba yake, na baba wa baba yake. Mkewe wa ndoa anatajwa. Huyu aliyetuzaa sisi hajawahi kutajwa.

Safari hii shangazi aliomba karatasi ya majina kabla ya kusomwa, akaongeza mstari mmoja. Dada yangu alikuwepo, amekaa naye upande wa wanawake. Maalimu alipofika pale alisimama, akatamka majina yote mawili, la kwao na la Faida, kisha akauliza kama kawaida, binti nani?

Kukawa kimya. Jina la baba yake hakuna aliyelijua. Ndipo nikamsikia shangazi nyuma ya pazia, sauti kavu, haijatetereka:

"Binti Hawa. Endelea kusoma."